Historia ya babu mwenye duka Muheza: nianzie wapi, na karatasi zake zinasomwaje?

Mjukuu wa Mkuzi

Salaam wana jukwaa. Nakusanya historia ya babu mzaa baba, aliyekuwa na duka la rejareja Muheza mjini tangu kabla ya Uhuru hadi miaka ya 1980. Wazazi wake walikuwa wakulima upande wa Mkuzi: minazi, michungwa, mihogo na mahindi ya chakula. Wazee waliobaki ni watatu: shangazi, jirani wa duka na mzee aliyekuwa akibeba mizigo ya dukani.

Vilivyopo ni hivi. Madaftari mawili ya duka, moja limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kurasa zake za mwanzo. Kifungo cha stakabadhi za kodi. Leseni ya biashara ya mwaka 1974. Jiwe moja la mizani. Na hati ya kununua minazi 40 yenye mwaka 1350 wa Kiislamu.

Ukoo una masimulizi mawili kuhusu mtaji. Wengine wanasema duka lilifunguliwa kwa fedha za nazi, wengine wanasema alizipata kwenye mashamba ya mkonge. Tena jina la babu na la baba yake yanafanana mno kwenye karatasi. Naomba anayejua anieleze nianzie wapi, ofisi zipi zina nini, na vipimo vya kwenye madaftari vinasomwaje.

Karani wa Masijala

Mjukuu, anza na duka, shamba litafuata. Mkulima mdogo aliweza kuishi maisha yake yote bila jina lake kuandikwa popote ila kwenye stakabadhi ya kodi. Mwenye duka aliandikwa kila mwaka: leseni, kodi, pango la nyumba, ukaguzi wa vipimo. Kwa hiyo mstari wa miaka ujengwe juu ya duka, halafu mambo ya shamba uyapachike humo.

Kabla hujafungua kile kifungo cha stakabadhi, kipige picha kikiwa kimefungwa, kisha piga picha kila karatasi kwa mpangilio ulivyoikuta, mbele na nyuma. Mpangilio wenyewe ni ushahidi, kwa sababu mtu aliyezifunga alizipanga kwa mwaka au kwa mwenye jina. Ukishazichanganya huwezi tena kujua zipi zilikuwa za babu na zipi za baba yake. Halafu andika kila moja kwenye daftari jipya: namba ya stakabadhi, jina kama lilivyoandikwa (usirekebishe herufi hata moja), kijiji, jina la jumbe (mkuu wa kijiji wa enzi hizo) kama lipo, kiasi, mwaka. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898. Waingereza wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa, na kodi ya kichwa ikafutwa mwaka 1969. Ukiona stakabadhi ya kodi ya maendeleo hiyo ni ya miaka ya 1980 na kuendelea, nayo ilifutwa mwaka 2003. Kijiji kinapobadilika kutoka Mkuzi kwenda Muheza mjini, hapo ndipo alipohama shamba, hata kama hakuna mzee anayekumbuka mwaka.

Sasa ofisi. Watu wengi hukimbilia cheti cha kuzaliwa. Kwa mtu wa rika hilo usipoteze nauli: Waafrika wa wakati wa ukoloni hawakulazimika kuandikisha vizazi, na cheti kikipatikana mara nyingi kilikatwa uzeeni kwa kiapo, mwaka umekisiwa. Kwanza nenda Mahakama ya Mwanzo uulizie jalada la mirathi. Kama babu alifariki miaka ya 1980 na mirathi ilifunguliwa, humo mna muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na saini za waliohudhuria, orodha ya warithi pamoja na uhusiano wao, orodha ya mali (Fomu Na. 5) na hesabu ya mgawo (Fomu Na. 6). Fomu hizo zinatokana na kanuni za mwaka 1971. Orodha ya mali ndiyo yenye utajiri: utakuta duka, rafu, mizani, akiba ya bidhaa, minazi kwa idadi, michungwa, na madeni aliyodai na aliyodaiwa. Nenda na jina kamili, mwaka wa kifo na, ukiweza, jina la msimamizi wa mirathi. Karani hawezi kutafuta kwa kusema tu "mzee aliyekuwa na duka karibu na stesheni". Ukikosa kwa jina la babu, tafuta kwa jina la msimamizi, maana makarani wengine waliandika rejista kwa jina la mwombaji.

Leseni ya 1974 ilitolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Soma aina ya biashara, mahali na namba. Vishina vya leseni vilipaswa kubaki ofisi ya biashara, lakini hapa panahitaji subira: halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa mwaka 1972, shughuli zikahamia kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, mamlaka za miji zikarudi mwaka 1978 na za wilaya mwaka 1984. Kila uhamisho ulipoteza karatasi. Ukiambiwa "hakuna kitu cha nyuma ya 1984", uliza stoo, usiishie kaunta.

Nyumba ya duka ni mlango mwingine. Kama alipanga kwa Mhindi au Mwarabu, uliza kama nyumba ilitaifishwa mwaka 1971. Sheria ile iligusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na kuanzia hapo kodi ya pango ililipwa kwa Msajili wa Majumba, ofisi iliyokuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa miji midogo nyumba nyingi hazikufikia kiwango hicho, kwa hiyo usishangae ukikuta pango liliendelea kulipwa kwa mwenye nyumba yuleyule. Kama alijenga mwenyewe, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja.

Mwisho kabisa ndiyo Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho inayosema unatafuta nini na miaka ipi. Omba vitabu vya wilaya na majalada ya wilaya yahusuyo biashara, masoko na miji midogo. Ukifika huko bila mstari wa miaka utasoma siku nzima na kurudi mikono mitupu.

Mzigua wa Kabuku

Nyongeza ndogo kwa Karani, lakini ikisahaulika itamgharimu safari. Wakati wa ukoloni Muheza haikuwa wilaya, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tanga katika Jimbo la Tanga. Ukiomba "Wilaya ya Muheza" kwa miaka ya 1930 utaambiwa hakuna, na utakuwa umejibiwa sawasawa. Vivyo hivyo Mkinga ilikatwa kutoka Muheza, Kilindi kutoka Handeni, na Chalinze ilikuwa ndani ya Bagamoyo. Na Bagamoyo yenyewe ilikuwa Jimbo la Mashariki, isitafutwe kwenye majalada ya Tanga.

Bint Pangani

Mjukuu, nitagusa majina, tarehe na ile hati ya minazi, kwa sababu hapo ndipo koo nyingi zimeunganisha watu wawili wakawa mmoja.

Pwani yetu mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu yake. Kwa hiyo Ali bin Salimu anamzaa Salimu bin Ali, naye anamzaa Ali bin Salimu. Mjukuu na babu wana majina yaleyale mawili, na kati yao pana miaka 45 hadi 60. Dawa yake ni kutokubali jina la watu wawili kuwa utambulisho. Tafuta jina la tatu, au la mama, au la kijiji, au saini. Anayeweka dole gumba mwaka 1948 na anayetia saini kwa herufi za Kirumi mwaka 1949 hawaelekei kuwa mtu mmoja. Tengeneza kadi moja kwa kila karatasi, si kwa kila mtu, kisha zipange: zenye kijiji kimoja, jumbe mmoja na mwandiko mmoja ziwe fungu moja. Ukimaliza mafungu ndipo uyape watu. Kinyume chake ndicho watu hufanya, wanaanza na mtu halafu wanamvisha karatasi.

Kuna na suala la ujombani. Kwa Wadigo na Wazigua urithi wa zamani ulipita upande wa mama, mali ya mjomba ikaenda kwa mpwa. Kwa Wabondei ni tofauti, lakini Muheza watu wameoana sana. Basi shamba linaweza kuwa kwa jina la mtu ambaye ukoo wa baba haumtaji kabisa, na mtaji wa duka ukawa umetoka kwake. Mwulize shangazi: nani alikuwa mjomba wa babu, na alikuwa na nini? Swali hilo huwa haliulizwi kwa sababu kila mtu anafuata upande wa baba.

Tarehe. Mwaka 1350 wa Hijria ulianza katikati ya Mei 1931 na kwisha mwanzoni mwa Mei 1932. Kwa kukisia haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Unapata mwaka wa Miladi, ukipishana kwa mwaka mmoja hivi. Ukikuta mwezi umeandikwa Mfungo Mosi, huo ni Shawali, na hesabu inaendelea hadi Mfungo Tisa, ambao ni Jumada ya pili, ndipo Rajabu. Mfungo Sita ndio wa Maulidi. Angalia pia siku: kwa hesabu yetu siku huanza jua linapozama, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jioni kwa kalenda ya ofisini. Karani wa serikali na mwalimu wa chuoni (madrasa) wanaweza kuandika jambo moja kwa tarehe mbili zilizofuatana, na wote wako sahihi.

Herufi za Kiarabu. Mwandishi wa Kiswahili cha zamani hakuwa na herufi maalumu za sauti zetu zote, na hata aliyezijua hakuzitumia sikuzote. P hujitokeza kama b, v kama f, ch kama sh, g na ng kama ghaini. Herufi e na o hazitofautishwi na i na u, na m au n iliyo mbele ya konsonanti mara nyingi huachwa. Kwa hiyo "Pangani" inaweza kusomeka "Baghani". Msomaji mzuri wa Kiarabu asiyejua vijiji vya Tanga atakusomea majina ambayo hayapo duniani. Mpe orodha ya vijiji vya jirani na majina ya ukoo kabla hajaanza, kisha umwombe asome kwa sauti nawe uandike anachosoma pamoja na unachodhani.

Hati ya minazi sasa. Pwani minazi ina mwenyewe na ardhi yaweza kuwa na mwenyewe mwingine, ndiyo maana hati inataja minazi 40 bila kutaja eka. Soma kitenzi cha muamala kwa makini. Kama ni "amemuuzia" moja kwa moja, sawa. Kama ni "amemweka rahani", minazi haikununuliwa, ilikuwa dhamana ya deni. Na kama ni bei ya khiyari, muuzaji alikuwa na haki ya kuikomboa ndani ya muda uliotajwa, wakati huo mnunuzi anavuna. Babu zetu wengi walioitwa "wanunuzi wa mashamba" walikuwa kwa kweli wanakopesha. Hilo likijitokeza basi biashara ilianza kabla ya duka.

Tena uangalie mwaka wenyewe. 1931 ulikuwa katikati ya mdororo wa dunia, bei za mbata (nazi iliyokaushwa) na mkonge zimeanguka. Mkulima wa nazi mwaka huo alikuwa anauza minazi, hanunui. Aliyekuwa na fedha mkononi alizipata kwingine. Mimi ningechunguza kwanza kama mnunuzi ni babu au baba yake, kisha mshahara au biashara iliyokuwa nyuma ya fedha hiyo.

Kipimo

Kwenye hesabu naweza kusaidia. Ukoo unaposema "duka lilitokana na nazi", lifanyie hesabu. Mnazi mrefu wa kienyeji unaotunzwa vya kawaida hutoa nazi 30 hadi 40 kwa mwaka. Minazi 40 kwa nazi 35 ni nazi 1,400. Mbata frasila moja (ratili 35, karibu kilo 16) huhitaji nazi 90 hadi 100. Kwa hiyo minazi ile 40 ilitoa kiasi cha frasila 14 au 15 kwa mwaka kama kila nazi ilikaushwa, na haiwezekani kila nazi ikaushwe, nyumbani wanapika. Toa robo. Frasila 11 kwa mwaka. Bei ya mbata ya miaka hiyo utaipata kwenye ripoti za mwaka za serikali ya Tanganyika huko Upanga, zidisha, kisha linganisha na ukurasa wa kwanza wa daftari la duka unaoonyesha bidhaa za kuanzia. Kama bidhaa za kuanzia zinazidi mavuno ya miaka mitatu minne, nazi peke yake haikutosha.

Upande wa mkonge fanya hivyohivyo. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi ambayo mfanyakazi aliruhusiwa kuimaliza ndani ya siku 42. Kijana wa Mkuzi hakuhitaji kuhama kama manamba waliotoka mikoa ya mbali. Angeweza kumaliza kipande huku nyumbani wanalima, na hiyo ndiyo siri ya familia nyingi za Bonde, yaani Ubondei: chakula kinatoka shambani, fedha ya kipande haiguswi. Lakini kuna njia ya tatu ambayo ukoo hautaji kwa kuwa haikuonekana kama kazi, nayo ni kuuza chakula kambini. Mihogo, ndizi, mahindi na machungwa yalinunuliwa kila siku ya mshahara. Tafuta kwenye daftari la zamani zaidi kama mapato yanapanda kila baada ya wiki nne au sita. Yakipanda hivyo, wateja walikuwa watu wa kambi.

Vipimo utakavyokutana navyo: vibaba 4 ni pishi 1, na pishi ya mchele ni karibu ratili 6, yaani kilo 2.7. Jizla ni pishi 60. Debe la mafuta ya taa ni galoni 4, lita 18. Debe hilohilo lilipimia pia mahindi makavu, na uzito wake ulitegemea jinsi lilivyojazwa. Vitambaa: doti ni kanga mbili, korija ni 20 za kitu chochote, jora ni gombo zima la kitambaa ambalo urefu wake hutofautiana kwa aina, hivyo usiligeuze kuwa yadi bila daftari lenyewe kukuambia. Maandishi 2/50 ni shilingi 2 na senti 50, na thumuni ni senti 50. Ukikuta rupia, za Mjerumani ziligawanywa kwa hela 100 tangu 1904, kabla ya hapo pesa 64. Waingereza walipoingiza shilingi mwaka 1921, rupia 1 ilihesabiwa shilingi 2. Wazee waliendelea kutaja rupia kwa mdomo baada ya hapo, kwa hiyo neno rupia ndani ya daftari si uthibitisho wa enzi ya Mjerumani.

Ratili zinapogeuka kilo ndani ya daftari, uko mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa 1970. Hiyo ni alama nzuri ya tarehe kwa kurasa zisizo na mwaka.

Mjukuu wa Mkuzi

Nawashukuru sana, hati nimeitazama upya na neno ni "rahani". Swali la pili: leseni ya 1974 ina jina la babu. Halafu hakuna kitu hadi 1979, na hiyo ya 1979 ina jina la bibi. Duka lilifungwa? Au kuna sheria iliyomzuia babu?

Mtaa wa Stesheni

Huenda ni miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kama babu alipata uongozi TANU hakuruhusiwa kuwa bepari, akaandikisha kwa mke.

Karani wa Masijala

Mtaa wa Stesheni, hapana. Azimio la mwaka 1967 lenyewe linaeleza kwamba kiongozi maana yake ni mtu, au mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Kuhamishia jina kwa mke kusingemwokoa, na maofisa wa leseni walilijua hilo. Isitoshe miiko iligusa viongozi wa ngazi fulani, mwenye duka wa kawaida hakuwemo.

Mjukuu, angalia kwanza ugavi. Baada ya Azimio, biashara ya jumla ilipelekwa kwenye Shirika la Biashara la Taifa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaja makampuni ya biashara ya mikoa (RTC). Mwenye duka wa Muheza akawa anategemea mgao wa RTC Tanga. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili pawepo duka la kijiji au la ushirika. Ililegezwa baada ya muda mfupi kwa sababu bidhaa zilipotea, lakini waliokwisha kupoteza leseni hawakuzipata kwa urahisi. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kwa hiyo hata upande wa mazao mambo yalitikisika.

Operesheni ilielekezwa vijijini, na duka la babu lilikuwa mjini. Ndiyo maana uthibitishe mahali palipoandikwa kwenye leseni ya 1974. Kama panasema Mkuzi, hiyo ilikuwa leseni ya duka la pili la kijijini, na la mjini lilikuwa na leseni nyingine ambayo hujaiona. Kama panasema Muheza, pengo laweza kuwa la karatasi tu, duka likawa wazi muda wote. Daftari litaamua: tafuta tarehe za 1975 hadi 1978, na uangalie bidhaa. Duka lililokosa mgao linaonekana kwa macho. Sukari, sabuni, unga wa ngano na vitambaa vinatoweka, vinabaki chumvi, viberiti, nazi, machungwa, iliki na vitu vya shambani. Hapo ndipo shamba lilipolibeba duka.

Jina la bibi lina maelezo ya kawaida zaidi. Mke ndiye aliyekuwa kaunta siku zote, na mume alipoumwa au aliporudi shambani leseni ilifuata aliyepo. Mwulize mzee wa mizigo nani alikuwa anampa fedha ya nauli kwenda kuchukua bidhaa Tanga. Jibu lake litakuambia nani alikuwa mwendeshaji.

Miaka ya 1980 jiandae kukuta pengo lingine. Msako wa uhujumu uchumi wa mwaka 1983 ulifanya watu wafiche au wachome madaftari na ankara, hata wasiokuwa na kosa. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na wafanyabiashara wadogo wakaanza kukata leseni za nguvu kazi. Kwa hiyo usitafute leseni ya aina ya 1974 tu. Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa, mitumba ikaingia, na madaftari mengi yanaanza upya hapo.

Bint Pangani

Kama ni rahani basi mjukuu, tafuta upande wa pili wa deni. Nani aliweka minazi yake, na ilikombolewa? Sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ya mwaka 1931 ilifanya deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na asiye mwenyeji lisidaiwe mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Iliwabana waliotaka kuchukua mali kwa mkopo kwa Wahindi wa jumla, ikaacha madeni kati ya wenyeji wenyewe yaendelee kwa rahani na kwa mashahidi. Majina ya mashahidi chini ya hati ni ya watu wa karibu, pengine shemeji au mkwe. Yaandike yote kwenye kadi zake.

Na kwa kuwa mikopo ya jumla haikuwa na nguvu mahakamani, mali kauli ilienda kwa kuaminiana, ikaandikwa na mwenye duka la jumla peke yake, mara nyingi kwa Kigujarati na kwa mwaka wao unaofunguliwa baada ya Diwali. Familia ya mwenye jumla ikiwa bado ina vitabu, mwaka wa Vikram utoe 56 kwa miezi ya Januari hadi Diwali, na 57 kwa siku za baada ya Diwali hadi Desemba. Mwaka 2000 wao ulianza Oktoba 1943.

Kwa wazee watatu ulionao, usiulize miaka. Uliza miti. "Duka lilipofunguliwa, michungwa ile ilikuwa imeanza kuzaa?" Mchungwa wa kubebesha huzaa mwaka wa tatu au wa nne, wa mbegu hupita saba, mnazi mrefu wa kienyeji miaka sita hadi minane, iliki mitatu. Ukijua nani alipanda na lini ilizaa, umepata mwaka kwa kupishana mmoja au miwili. Matukio ya kubandikia hayo ni kuingia Waingereza Tanga mwaka 1916, nzige wa miaka ya 1930, bei kubwa ya mkonge wakati wa vita vya Korea, Uhuru, Operesheni Vijiji. Kila mzee mhoji peke yake. Wakiwa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa historia. Anza na shangazi.

Na kama upande wa Mkuzi kulikuwa na Wakristo katika ukoo, rejista za ubatizo za misheni ya Kianglikana ya Magila ni za karne ya 19 na zimeandika jina la baba hata kama baba hakubatizwa. Omba parokiani kwanza, kisha dayosisi.

Kipimo

Usisahau lile jiwe la mizani. Geuza upande wa chini: pana tundu lililojazwa risasi, na mkaguzi wa vipimo aligonga muhuri juu ya risasi hiyo. Alama za taji ni za ukoloni. Kama pana tarakimu mbili, mara nyingi ni za mwaka wa ukaguzi. Usisugue kwa brashi ya waya wala kwa ndimu, futa vumbi kwa kitambaa kikavu na upige picha ukiwa umeweka taa ubavuni ili kivuli kionyeshe alama.

Madaftari usiyapeleke kulaminetiwa na usitie selotepu. Gundi ya selotepu hugeuka kahawia na kula wino. Kama yana unyevu, na Tanga hayakosi, yafungue kivulini penye upepo, si juani, karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa kumi, badilisha kutwa mara mbili. Namba za kurasa andika kwa penseli kwenye kona. Piga picha karibu na dirisha asubuhi bila flashi, ukurasa mmoja kwa picha, na rula pembeni. Weka nakala kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti, na utakaporudi kutoka Mahakama ya Mwanzo utuandikie Fomu Na. 5 ilisema duka lilikuwa na mizani ngapi, maana jiwe moja la ratili halikutumika peke yake.